Shika Besi, Buda, Waimbaji Wametosha

Skiza hii rada, na usiambie kila mtu. Kigali imejaa waimbaji. Kuanzia Nyamirambo hadi Remera, kila msee ana ngoma moja, jina la stage moja na miwani ya jua anavaa saa mbili usiku. Gitaa la solo? Kila mbogi ina wasee watatu wanaling'ang'ania. Sasa uliza nani anapiga besi. Kimya. Kila mtu ghafla ako na simu ya kujibu. Hapo ndio kazi iko, sha. Hapo ndio jina iko.

Ukiileta besi kejani, jua wazee wataanza. Mathee ataihesabu kwanza: "Gitaa lina nyuzi sita, hizo mbili ziko wapi?" Fathee atauliza kama hiyo ni kazi ama ni ugonjwa. Jirani atasema muziki uliisha na Orchestre Impala, ile bendi ya kitambo, halafu atakuimbia bila kuombwa. Wapigie makofi, pita. Lakini hizo ngoma za Impala zitafute kwa siri. Skiza pale chini, besi inatembea yenyewe huku magitaa yanapiga kelele juu. Mzee amezicheza miaka yote na hajawahi kujua ni nini ilikuwa inamsukuma kiuno.

Nyuzi hazijapotea. Ziko nne tangu 1951, Leo Fender alipotoa Precision Bass kule California. E, A, D, G. Kabla ya hapo msee wa besi alikuwa anabeba dubwana la mbao kubwa kama kabati. Wasee wa praise and worship siku hizi wanataka nyuzi tano, ndio wapate ile B ya chini kabisa. Hao waache, wako na roho kubwa na ampu ya kanisa. Wewe anza na nne.

Kuna wale wengine wanasema, "Mimi besi huwa siiskii." Buda, unaskizia kwa simu! Ule uzi wa E ukiwa wazi unatoa sauti ya karibu hertz 41. Spika ya simu, kidogo vile, haiwezi kuibeba. Vaa hedifoni za maana urudie ngoma ileile. Utajua hujui. Na si ndio hiyo amapiano imeshika dunia? Ile log drum imekalia kiti cha besi na kila club inatingika. Watu wanaimba ya juu, lakini wanacheza ya chini.

Sasa tubonge ganji, maana hapa watu wanalia. Squier mpya ya kuanzia, ile ya bei nafuu ya Fender, ni dola 200 na kitu. Hiyo ni kama laki tatu za Rwanda, bado hujalipa usafiri. Fender yenyewe, hata ile ya Mexico, inapita dola 700. Usijiue. Saka ya mkono wa pili. Beshte akienda Kampala, mtume. Ikifika, usidanganywe na rangi. Ishike kama unalenga, funga jicho moja, cheki shingo imenyooka. Bonyeza kila freti, uzi mmoja baada ya mwingine, uskie kama kuna inayovuma. Zungusha vitufe vya sauti ukiwa umeichomeka kwa ampu. Vikikwaruza, teremsha bei. Kununua gitaa la laki sita na huna kebo, hiyo ni aibu ya mchana.

Nyuzi nazo ni wizi mtupu. Seti ya jina kubwa inaweza kupita dola 20. Lakini wasee wa besi duniani kote wana mchezo wao: wanazichemsha. Zitoe, zikunje, zitupe kwa sufuria ya maji dakika kumi hivi. Maji yanageuka kijivu, hilo ni jasho na mafuta ya vidole vyako. Zikaushe vizuri kabisa, zirudishe, zinang'aa sauti tena. Mathee atapiga nduru kuhusu sufuria yake. Na ataziona ziko nne, aulize tena zile mbili ziko wapi. Mwambie James Jamerson wa Motown alipiga mahiti ya Marekani nzima kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia, na nyuzi zake hakuwa anabadilisha mpaka zikatike.

Usafiri ni moto, na luku yako ndio inapimwa hapo. Besi ni ndefu, kilo nne hivi, na kichwa chake kinapita helmeti yako. Ivae mgongoni, kaza mikanda, inama kidogo mkiteremka Nyamirambo. Motari atataka kuongeza bei ya "abiria wa pili." Kataa. Ukifungua begi akaona, na yeye atauliza nyuzi zingine ziko wapi.

Halafu kelele. Hii ni Kigali, si mchezo. 2018 makanisa zaidi ya 700 yalifungwa hapa, na kelele ilikuwa moja ya sababu. Septemba 2023, club na baa ziliambiwa zifunge saa saba usiku siku za kawaida, saa nane wikendi. Na sauti ya besi inapenya ukuta kuliko ya gitaa lolote, jirani ataiskia kwa kifua. Kwa hivyo kejani ni hedifoni. Ampu ni ya rehearsal.

Kwenye gig sasa, usituchomee picha. Slap kwenye wimbo wa ibada, hapana. Solo wakati msanii anaongea na mashabiki, hapana kabisa. Kaa na kick ya drums, gonga nayo pamoja, nyamaza palipo na nafasi. Bakithi Kumalo wa Soweto alipiga besi kwenye Graceland, albamu ya Paul Simon ya 1986, na mpaka leo wasee wanajifungia chumbani wakijaribu kumwiga. Yule alijua lini ang'ae na lini akae chini.

Na usiniambie hakuna pa kujifunza. Kuna shule ya muziki iliyoanza Nyundo, Rubavu, 2014, sasa iko Muhanga. Symphony Band walitoka hapo, na wamepiga nyuma ya mastaa wakubwa wa hii nchi. Hata bila shule, bendi za hoteli na kwaya zinasaka msee wa besi kila wikendi. BK Arena inabeba watu 10,000, na hakuna msanii atapanda pale na bendi live bila mtu wa kushika chini.

Kwa hivyo wacha kuandika ngoma ya pili wakati ya kwanza haijaskizwa. Tafuta besi, chomeka hedifoni, jifunze nyimbo tano safi kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukiwa nazo, pitia rehearsal yoyote mtaani useme unapiga besi. Utapewa kiti.