Kusoma Namba za Tairi la Pikipiki

Ninyi mlioko Kitahana, Kibondo mjini, Kasulu na vijiji vya kando, sogeeni karibu na redio. Leo tutasoma maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi la pikipiki. Kiongozi wa darasa, kama pikipiki ipo nje, wanafunzi na waizunguke huku wakisikiliza.

Somo hili si la dereva peke yake. Mama anayekimbizwa zahanati usiku kwa bodaboda, na mkulima anayepeleka gunia la maharage sokoni, wote wanalitegemea tairi hilo.

Mwalimu, andika ubaoni: 3.00-17. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa inchi. Inchi 3 ni karibu milimita 76. Namba ya pili, 17, ni kipimo cha ringi kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, kwa inchi vilevile. Tairi la 2.75-17 ni jembamba kidogo, na mara nyingi hilo ndilo la mbele. Pikipiki ndogo nyingi za kwetu zina ringi za 17 au 18.

Sasa andika 90/90-18. 90 ya kwanza ni upana kwa milimita. 90 ya pili si milimita. Maana yake, kimo cha tairi ni sehemu 90 katika kila 100 za upana wake, yaani milimita 81. Na 18 ni ringi, kwa inchi. Milimita na inchi katika mstari mmoja! Wenye viwanda ndivyo walivyoamua, nasi hatuna budi kuzoea.

Tairi la 17 haliingii katika ringi ya 18. Lakini wako wanaobadili ringi na tairi vyote viwili, wakidhani kubwa ndiyo bora. Tupige hesabu. Ringi ya 17, ongeza tairi inchi 3 juu na inchi 3 chini, jumla ni 23. Zidisha kwa 3.14, utapata karibu inchi 72, yaani sentimita 183. Huo ndio mwendo wa gurudumu likizunguka mara moja. Kwa ringi ya 18 utapata karibu sentimita 191. Mahali tambarare injini itapumua kidogo. Mlimani itaelemewa, na milima ya Buha mnaijua.

Vijana wengine hupenda tairi pana kama la pikipiki za mashindano. Tairi pana katika ringi nyembamba hubanwa, likavimba katikati, na huweza kusugua cheni. Pikipiki ndogo zinazoshindana katika lami hutumia ringi za 17 na mpira laini usio na mistari, kwa sababu lami kavu haina tope. Mvua ikinyesha, hata wao hubadili tairi. Wanaoshindana katika udongo huweka ringi ya 21 mbele, ipande mashimo, na tairi zenye kashata kubwa, yaani yale meno ya mpira. Udongo mwekundu wa kwetu, wakati wa masika, unafanana na uwanja wa hao wa pili. Basi tairi kipara la bei nafuu ni ghali sana mtu akianguka.

Sehemu nyingine ya lami imefika kwetu, hivyo anayekwenda njia zote mbili achague kashata za wastani. Kashata kubwa mno hutetema katika lami na huisha upesi.

Tazameni tena ubavuni. Mnaona 50P? 50 si kilo. Ni namba ya orodha, na maana yake tairi hilo hubeba kilo 190. Herufi P ni mwendo usiozidi kilomita 150 kwa saa. Sasa fikirini mshikaki: watu watatu wa kilo 65 ni kilo 195. Ongeza pikipiki ya kilo 115, jumla 310. Tukisema theluthi mbili zinaangukia nyuma, ni kilo 207 hivi. Tairi limekwisha kuzidiwa kabla ya shimo la kwanza.

Upepo nao usijazwe kwa kubonyeza kidole. Kipimo kimeandikwa katika kitabu cha pikipiki. Kwa nyingi ndogo ni karibu ratili 25 mbele, na nyuma 28 kwa mtu mmoja au 32 kwa wawili.

Mwisho, tafuteni namba nne ndani ya duara refu. 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira uliokaa dukani miaka mingi hukauka na kupasuka, hata kama unang'aa.

Zoezi. Tairi limeandikwa 2.75-18, na duarani 4123. Upana wake ni inchi ngapi? Linaingia ringi gani? Lilitengenezwa juma gani, mwaka gani? Andikeni majibu daftarini, kisha someni tairi la pikipiki iliyo nje.