Mnada Bila Dalali

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata mimi niliamini hivyo, ndugu msomaji, mpaka mwaka jana nilipouza kamera kuukuu kwenye mnada wa intaneti.

Kamera hiyo ya filamu nilipewa na babu baada ya kitufe cha kupigia picha kuanza kukwama. Shangazi anayeishi Uingereza alipotutembelea, akaniambia, "Mwanangu, hii kwako ni takataka, lakini kuna mtu anaitafuta." Yeye huuzia vitu eBay, mnada ulioanzishwa Marekani mwaka wa 1995 na Pierre Omidyar.

Je, mnada huu unaendaje? Katika mnada wa mbuzi, dalali hupaza sauti na watu wakapandishana bei papo hapo. Huku hakuna kelele. Muuzaji huweka picha, maelezo na bei ya kuanzia, kisha huchagua muda, tuseme siku 7. Mnunuzi huandika kiasi cha juu kabisa anachoweza kutoa, nacho hufichwa. Akishindaniwa, kompyuta humpandishia bei kidogo kidogo bila kupita kiasi hicho. Muda ukiisha, aliye juu ndiye mwenye mali.

Ukitaka kuanza, zingatia haya. Kwanza, mwenye akaunti ni sharti awe ametimiza miaka 18, kwa hivyo wengi wetu twahitaji mzazi au mlezi. Pili, tazama vitu kama chako vilivyokwisha kuuzwa vilikwenda kwa bei gani. Tatu, piga picha mchana, pande zote. Nne, pima uzito wa kifurushi kabla ya kutaja gharama ya posta, la sivyo faida yote itaishia kwenye stempu.

La tano ndilo lililonitoa jasho: maelezo. Niliandika "kamera nzuri sana" nikanyamaza kuhusu kitufe. Shangazi akasoma, akanitazama. "Na kitufe je?" Nikamwambia tukikitaja hakuna atakayenunua. Lo! Alinikemea vikali. Akanieleza kwamba mnunuzi akipata kitu kisicholingana na maelezo, anaweza kukirudisha na kudai pesa zake, na lawama zake husomwa na wote. Tena akanisimulia kwamba miongoni mwa vitu vya kwanza kuuzwa katika mnada huo ni kikalamu cha mwanga wa leza kilichokuwa kibovu, kikapata dola 14.83. Omidyar alimwuliza mnunuzi kama anajua ni kibovu. Kumbe jamaa alikuwa akikusanya vikalamu vibovu!

Basi nikaandika upya, ubovu wote wazi. Shangazi aliporudi kwake akaiweka mnadani kwa pauni 5. Watu wanne wakashindana, na siku ya saba ikaenda kwa pauni 31. Mnunuzi alitaka lenzi tu; kitufe kwake si neno. Pesa hizo zilininunulia vitabu vya muhula mzima.

Tahadhari moja, jamani: usitume mzigo kabla ya kuona pesa ndani ya akaunti yenyewe. Ujumbe wa "nimeshalipa" si pesa.

Nikitia nanga, naomba radhi kwa wahenga. Kibaya nacho chajiuza, mradi mwenyewe asifiche ubaya wake.