Kutoka Karakana Hadi Bungeni (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza kazi za mkutano mkuu wa kijiji. Leo tumfuate fundi anayeanzia hapo na kupanda hadi uongozi wa taifa.

Ibara ya 67 ya Katiba ya Tanzania haimdai mgombea ubunge cheti cha chuo. Awe raia aliyetimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama aliyependekezwa na chama chake. Seremala wa Mgori, mkoani Singida, anayepiga randa fremu za milango, huku wateja wakimwomba asubiri wauze alizeti, ana haki sawa na mwanasheria. Mtaji wake ni uaminifu: watu wanajua kama hutimiza ahadi.

Mfano mkubwa ni Abeid Amani Karume, aliyezaliwa Mwera, Unguja, mwaka 1905. Alikuwa baharia, kisha akaongoza umoja wa wenye mashua za injini waliokuwa wakiwashusha abiria kutoka melini hadi gatini. Watu walimjua kwa kazi kabla ya kumjua kwa siasa. Mwaka 1957 akawa rais wa chama cha Afro-Shirazi (ASP), na Julai mwaka huo akashinda kiti cha Ng'ambo katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1964 akawa Rais wa Zanzibar, kisha Makamu wa Kwanza wa Rais wa Jamhuri ya Muungano, hadi alipouawa tarehe 7 Aprili 1972.

Lakini katika utawala wake Wazanzibari hawakupata nafasi ya kuchagua baraza lao la kutunga sheria. Baraza la Wawakilishi lilianza mwaka 1980. Hapa pana funzo zito: jina jema la kazini humfikisha mtu kwenye kiti, ila kinachomdhibiti akishakikalia ni kura na hesabu za wazi.

Mgori inalijua hilo. Miaka ya 1990 vijiji vitano vilikabidhiwa ulinzi wa msitu wa miombo wa zaidi ya hekta 40,000, vikajiwekea kanuni na kuchagua walinzi wao. Aliyesimamia msitu mbele ya wanakijiji wenzake amekwisha kujifunza kuwajibika.

Basi, ndugu msomaji, mkutano wa kijiji ukiitishwa, nenda. Dai taarifa ya mapato na matumizi, na umpime kwayo kila anayeomba kura yako, awe fundi au msomi.

Wiki ijayo: mipaka ya madaraka ya diwani.