Athari za Muhuri Uliochoka katika Sarafu Zetu

Sarafu ya shilingi mia ipitayo mikononi mwa wauza samaki wa Kilindoni, kisiwani Mafia, hubeba uchakavu wa namna mbili, na watu wengi, wakiiona imefifia, huuhesabu wote kuwa ni mmoja. Upo uchakavu ulioipata baada ya kutoka kiwandani, kwa kusuguana na vidole, na mchanga, na sarafu wenzake mfukoni. Na upo ule iliozaliwa nao, kwa sababu muhuri wa feleji ulioichapa ulikuwa umekwisha kuchoka kabla ya zamu yake kuwadia.

Kila sarafu hupigwa baina ya mihuri miwili, hali imezungukwa na pete iizuiayo kutanuka kupita kiasi. Kwa nguvu ya pigo hilo madini, ijapokuwa ni baridi, husukumwa kutoka katikati kwenda ukingoni, na kila yasukumwapo huukwangua uso wa muhuri kwa kadiri isiyoonekana. Lakini muhuri mmoja hupiga sarafu laki kadhaa, na kadiri hizo ndogo hujumlika zikawa vijifereji vyembamba vyenye kuelekea ukingoni mithili ya miali ya jua. Ajabu ni kwamba vijifereji hivyo, vikiwa bado vichanga, ndivyo viipavyo sarafu mpya ule mng'ao uzungukao tuigeuzapo mbele ya taa. Vikizidi, uwanda wa sarafu huparuza kama ganda la chungwa, na uzuri wote hupotea.

Mkono wa mwanadamu hula kwanza palipoinuka: katika shilingi mia, shavu na nywele za Mwalimu Nyerere upande mmoja, na migongo ya swala wanaokimbia upande wa pili. Muhuri uliochoka hudhihirika kwingine, yaani katika uwanda ulio tambarare na katika herufi zilizo jirani na ukingo, ambako madini hukimbia zaidi. Herufi hizo hunenepa, miguu yake ikavutika kuelekea nje, na pengine zikapata kivuli pembeni ambacho wanunuzi wasio na hadhari hukidhania kuwa ni chapa maradufu yenye thamani kubwa. Kivuli hicho ni uchovu wa muhuri tu, wala hakistahili kuongezewa hata senti.

Ama nyufa, kanuni yake ni moja, nayo haikosei: kilichochimbika katika muhuri huinuka katika sarafu. Mstari ulioinuka, upitao juu ya sura na herufi bila kujali mipaka yake, ni ufa wa muhuri. Mstari uliozama kwa kawaida ni jeraha la baadaye. Na kutu nyekundu ichomozayo ukingoni haimhusu mchapaji, kwani shilingi mia ni chuma kilichopakwa shaba, na mpako huo ukitoboka, hewa ya chumvi ya bahari yetu hufanya kazi yake upesi.

Elimu hii ina faida kubwa zaidi kwa sarafu za kale. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, ambazo zimefukuliwa hata Kisimani, upande wa magharibi wa kisiwa hiki hiki cha Mafia, hazikuandikwa tarehe. Hata hivyo, zikipatikana mbili zilizopigwa kwa muhuri mmoja, moja ikiwa na ufa na nyingine haina, isiyo na ufa ndiyo iliyotangulia. Na kwa njia hiyo mwanachuoni aweza kuzipanga kwa mfuatano pasipo msaada wa kitabu chochote.

Ila yapasa kutofautisha muhuri uliochakaa na muhuri mwingine kabisa. Mwaka 1916 Wadachi, wakiwa wamezingirwa vitani, walichapa huko Tabora sarafu za heller 20 kwa mihuri iliyochongwa papo hapo, na kwa hiyo ziko zenye taji kubwa na zenye taji dogo, na ncha za herufi L huwa zimepinda katika baadhi yake na kuchongoka katika nyingine. Tofauti hizo ni za mkono wa mchongaji, si za uchakavu. Mwenye kuiokota moja Kilindoni na ajue pia kwamba ilivushwa kuja huku baada ya kuchapwa ikiwa mali ya watu, si ya serikali iliyoitoa, maana Waingereza walikuwa wamekwisha kuitwaa Mafia tangu Januari 1915.