Gimbi na Kitunguu Ukutani

Ingia sebule yoyote kati ya Bukoba mjini na Muleba, utakuta ukuta umejaa watu: harusi ya wenye nyumba, mahafali ya mtoto, Mwalimu Nyerere, Bikira Maria, kalenda ya parokia. Mimea ikiwapo, ni maua ya plastiki au bango la matufaha na zabibu ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzipanda kwenye kibanja chake. Mimi ni fundi wa fremu hapa Bukoba, na nimekuwa nikiwashawishi wateja wangu watundike mimea ya chakula, hasa ile inayojificha udongoni: vitunguu, magimbi, viazi vikuu. Michoro yake ya kale ipo, ni mizuri mno, na hakimiliki yake ilikwisha zamani.

Michoro hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya mapambo. Ilikuwa ya waganga, wauza mbegu na wanasayansi, enzi ambazo hapakuwa na kamera, au kamera ilikuwapo lakini haikujua rangi. Mchoraji alipaswa kukusanya mmea mzima kwenye karatasi moja: mizizi, jani, ua na mbegu. Kitunguu alikichora kizima, kisha akakichora kimepasuliwa, ili uyaone yale matabaka ambayo kwa kweli ni majani yaliyonenepa kwa kuhifadhi chakula cha mmea. Gimbi ukilipasua huoni matabaka, maana lile ni shina lililovimba. Mtoto anayekula chini ya mchoro wa namna hii kila jioni hahitaji kukaririshwa.

Kwa vitunguu, mimi huanza na kampuni ya mbegu ya Vilmorin ya Paris, ambayo kati ya 1850 na 1895 ilichapisha mabango makubwa ya mboga. Michoro mingi ya mwanzo ni ya mwanamke, Elisa Champin. Vitunguu, karoti na figili vimerundikana pamoja kama fungu la sokoni, mizizi bado imening'inia. Uchapaji wa rangi wa wakati ule ulitumia mawe: jiwe moja kwa kila rangi, karatasi ikipita juu ya jiwe la kwanza, la pili, la tatu, mpaka ganda la kitunguu ling'ae. Ndiyo maana zile rangi zina kina ambacho mabango ya siku hizi hayana.

Lakini mchoro ninaoupenda kuliko yote ni wa kiazi kikuu, kile kinachopanda miti na kuzaa viazi vyake juu hewani, kile ambacho majirani zetu Waganda hukiita kobe. Umo katika Hortus Malabaricus, kitabu cha juzuu 12 kilichochapwa Amsterdam kati ya 1678 na 1693, kuhusu mimea ya pwani ya Malabar, India. Mama mmoja wa Kamachumu aliuona dukani kwangu. “Waitu, hiki si kile cha kwetu, kinachopanda mti nyuma ya nyumba?” Ndicho. Na kitabu kile kilifanya jambo la haki: kilimtaja mganga wa huko, Itty Achudan, kwamba maarifa yale yalitoka kwake.

Kwetu mambo yalikwenda vingine. Novemba 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika Karagwe kwa mfalme wake, Mukama Rumanyika. Speke aliendelea hadi Buganda. Grant akabaki miezi kadhaa kwa sababu ya mguu mbovu, mpaka Aprili 1862 alipoondoka amebebwa kwa machela. Katika safari ile alikusanya mimea na kuandika majina yake ya kienyeji. Mimea mikavu ilipelekwa bustani ya Kew, na Walter Hood Fitch, mchoraji hodari kuliko wote wa wakati wake, akaichora bila kuiona ikiwa hai. Michoro 136 ilichapishwa London kuanzia 1872. Majina ya mimea yamo. Ya watu waliomtajia Grant majina hayo sijayaona. Hilo linaniuma kila ninapoweka kioo juu ya mchoro mmojawapo.

Hortus Malabaricus na kazi ile ya Grant zote zimo kwenye maktaba ya mtandaoni iitwayo Biodiversity Heritage Library, bure. Ukitaka kuchapa ukubwa wa A3, faili iwe na pikseli zisizopungua 3,500 kwa 5,000, na karatasi iwe nzito, isiyong'aa. Usikubali picha iliyovutwa kutoka kwenye simu, mistari itavunjika.

Fremu ninazitengeneza kwa mbao za muhumula, mti ambao wanasayansi waliupa jina la Emin Pasha, aliyeanzisha boma la Bukoba mwaka 1890. Ni mbao laini, kwa hiyo nazipaka dawa ya wadudu kwanza. Adui mkubwa wa karatasi hapa ni unyevu. Kando ya ziwa mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na karatasi iliyogusana na kioo hushika ukungu. Weka ukingo wa kadibodi kati ya karatasi na kioo, na vipande vya mpira nyuma ya fremu ili hewa ipite. Baada ya tetemeko la Septemba 10, 2016, nimeacha kabisa kutundika fremu za kioo kwa msumari mmoja. Tumia skrubu na fisha, na juu ya kitanda au kiti cha mtoto weka plastiki angavu badala ya kioo.

Bado michoro ya aina hii ya magimbi yetu, iliyochorwa na mkono wa hapa, sijaiona. Walimu wa Muleba na Bukoba, nawaomba: mkiwa na mwanafunzi anayejua kuchora, mpeni gimbi lenye udongo na majani yake, achore alichokiona, asaini jina lake, na aandike pia jina la bibi aliyelichimba. Akiniletea kazi hiyo, fremu nitamtengenezea bila malipo.