Kufufua Pikipiki Kuukuu: Maswali Matatu Kabla ya Kufungua Injini

Kuanzia Nanganga, penye njia panda ya kwenda Ruangwa, kupitia Ndanda na Masasi hadi Newala juu ya Uwanda wa Makonde, pikipiki hubeba abiria, wagonjwa, madumu ya maji na magunia ya korosho, hivyo hata ile iliyolala ghalani kwa miaka mingi ni mali inayostahili kufufuliwa. Nyingi huharibikia mikononi mwa fundi anayefungua injini kabla ya kujua ugonjwa wake, ilhali injini ya petroli ikigoma kuwaka huwa imekosa kimojawapo kati ya vitu vitatu: cheche, mafuta au mgandamizo.

Honda CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976 ikiwa na silinda moja ya sentimita za ujazo 124, inafaa kuwa mfano, kwa sababu pikipiki nyingi za Kichina zinazofanya kazi ya bodaboda zimefuata muundo wake.

Swali la kwanza ni la cheche. Plagi hufunguliwa, ikachomekwa kwenye kofia yake na kulazwa juu ya chuma cha injini, mbali na tundu lake ili mvuke wa petroli usishike moto, kisha kiki hupigwa. Cheche ya buluu yenye nguvu ni dalili njema. Isipoonekana, huchunguzwa plagi yenyewe, waya, koili na, katika injini za zamani, platini, yaani vidomo viwili vinavyokata umeme ili cheche itokee, ambavyo hushika kutu pikipiki ikikaa muda mrefu.

Swali la pili ni la mafuta. Petroli iliyoachwa kwenye kabureta hukauka na kuacha utando unaoziba jeti, yaani vitundu vyembamba vinavyopima mafuta, na pikipiki huwaka kwa choki tu, kisha huzimika. Ikiwa inatembea kidogo, inazima, na inawaka tena baada ya kupumzishwa, mfuniko wa tangi ukaguliwe, kwa kuwa tundu lake la hewa likizibwa na vumbi petroli haiwezi kushuka.

Swali la tatu, ambalo ndilo lenye gharama kubwa, ni la mgandamizo, yaani nguvu ya pistoni kubana mchanganyiko wa hewa na petroli. Kiki ikiwa nyepesi kupita kiasi, kwanza hupimwa nafasi ya valvu injini ikiwa baridi, ambayo kwa CG125 ni milimita 0.08, kwa sababu valvu iliyokazwa mno haifungi sawasawa na huvujisha mgandamizo. Nafasi ikiwa sahihi, oili kidogo humiminwa kupitia tundu la plagi na kiki hupigwa tena: mgandamizo ukipanda, ringi za pistoni zimelika, usipopanda, lawama huelekea kwenye valvu au gasketi ya kichwa cha silinda.

Mchanga wa Uwanda wa Makonde hufanya ringi zilike upesi chujio la hewa likipuuzwa, kwa hiyo kuweka ringi mpya bila chujio safi ni kutupa fedha. Fundi anayefuata utaratibu huu hufungua injini pale tu vipimo vinapomlazimisha, na mwenye pikipiki hulipia kipuri kilichokufa kweli.