Madondo Haitaki Haraka

Kitengela msee anaweza maliza mwezi mzima na meko safi venye ilitoka dukani. Ukishuka stage unapatana na kibandaski ya chapo madondo. Ukivuka barabara kuna smokie na mayai boilo zimejazwa kachumbari. Giza ikiingia mutura inawekwa kwa makaa pale Noonkopir, na chipo ya soo iko kila kona. Unafika keja tumbo imetulia na hujaosha hata kijiko. Kenye huumiza ni ile siku ya mwisho wa mwezi, ukipitia meseji za M-Pesa: mbao, finje, soo, mbao, finje, soo. Ganji imeisha, na hukumbuki dishi hata moja yenye ilikubamba.

Oltepesi hakuna hiyo raha. Nabonga ya Oltepesi ya Magadi Road, penye nakaa. Unaacha Rongai, unapita Kiserian, unafika Corner Baridi penye upepo hukuchapa hadi kwa mifupa, halafu barabara inajiachilia yote kwa Bonde la Ufa. Kufika Kisamis ushatoa jaketi. Ukizidi kushuka nyasi inapungua, inabaki migunga imejitandaza na mbuzi chini yake, na huko mbele Mlima Olorgesailie umekaa pekee yake. Senta yetu ni maduka kadhaa na maboda wamejificha kwa kivuli. Njaa ikikushika saa tatu usiku, hakuna msee wa kukuletea chipo. Ni wewe, sufuria, na kenye ulipanga asubuhi.

Hapo kwa kupanga ndio stori yangu iko. Mayut wengi huchukulia kumanga bei ya chini ni kuteseka, ati ni ugali na chumvi na chai ya rangi mpaka mambo ikae sawa. Zii. Dishi ya bei ya chini inataka masaa, na inataka akili. Msee ako na masaa na anajua kuyatumia anaweza kula fiti kushinda mwenye mshahara, yule hufika kwa nyumba amechoka akanunua tu kenye kiko karibu.

Nakaa keja moja na odijo wa intanshipu wa Junior Secondary (JSS). Hao maodijo wa intanshipu walianza 2023 na 20,000 kwa mwezi, kabla makato, na hiyo ndio ilipe renti, itumie mathe kakitu, na ibaki ya tumbo. So huku kwetu kubana ni hesabu, si mtindo. Wikendi mmoja wetu anapanda mat hadi soko ya Kiserian na gunia tupu. Anarudi na gorogoro za madondo, moja ya mahindi kavu, ndengu, vitunguu za kutosha, na kabeji kubwa mbili, juu sukuma ikipigwa na joto ya huku inalala kabla ufungue mlango. Unga na mafuta ya kupima tunatoa kwa maduka ya senta. Nyanya ikipanda bei tunaisare. Madondo ikiwa na kitunguu imekaangwa polepole mpaka ikakuwa rangi ya dhahabu, na dania kidogo, hutaulizia nyanya.

Wacha nikae kwa madondo kidogo, juu hiyo ndio imetuweka wima. Usiku tunaloweka. Asubuhi tunamwaga maji, maana hayo maji hubeba sehemu ya kenye huleta gesi ya tumbo, halafu tunaweka mapya na kuiwasha moto ya ukweli. Dakika kumi na kitu za kuchemka kwa nguvu, na hapo usicheze hata kidogo, juu hizi maharagwe nyekundu zikiwa mbichi ziko na sumu ya kukulaza ukitapika. Tunaiacha nusu saa hivi. Alafu sufuria inatoka kwa moto na kifuniko yake, inaingia ndani ya kikapu kubwa imejazwa vitambaa, blanketi mzee inafunika juu, na kila mtu anaenda zake. Joto yenye iko ndani inaendelea kupika. Mchana ukifungua, madondo imeiva hadi katikati, haijapasuka, haijaungua, na makaa ulichoma ni ya dakika arobaini pekee. Si sisi tuligundua hii kitu. Vikundi vya mamathe Kenya hii wamekuwa wakishona hizo vikapu na kuziuza miaka na miaka. Ni mayut ndio tulikuwa tumezipita kwa soko tukifikiria ni pambo.

Odijo ni wa sayansi, na ni yeye alinionyesha kitu nimekuwa nikiona bila kuelewa. Madondo zenye zilikuwa zinasumbua Nai huku huiva mbio. Nai iko juu, kama mita 1,700 kutoka bahari, so maji huchemka ikifika digrii 94 hivi. Pale chini ya Mlima Olorgesailie ni kama mita 1,000 tu, na maji lazima ifike karibu 97 ndio ichemke. Hizo digrii mbili tatu ukizipea madondo dakika arobaini, unaziskia kwa meno. Kushuka Bonde la Ufa ilitupunguzia makaa na hatukuwa tumeomba.

Na ukipata madondo imekaa stoo hadi ikagoma, dawa iko huko chini kabisa penye lami inaisha. Lake Magadi ndio hiyo, na kampuni ya kuchimba soda hapo ilianzishwa 1911. Kajiwe kadogo ka magadi kwa sufuria hulainisha ganda ya madondo, na kwa kunde na mrenda inafanya kazi hivyo hivyo. Lakini kadogo, tafadhali. Ukizidisha, ladha inaharibika, na ile vitamini B1 yenye ulikuwa unatafuta kwa madondo inakufa. Mimi naitumia tu nikiwa nimebanwa. Kuloweka usiku kunatosha karibu kila siku.

Mbona tunahesabu makaa hivi? Makaa ni mgunga yenye ilikuwa imesimama. Ukiishi Kitengela unaona debe tu. Huku unaona pahali mti ulikuwa, na unajua kiangazi ikishika, maganda yenye mgunga huangusha ndio mbuzi hula. Ukichoma mgunga umechukua dishi ya mbuzi, na huku mbuzi ndio karo, hospitali na krismasi.

Sasa, hatuna fridji, na joto ya hapa haina huruma. Madondo ikilala bila kuchemshwa imechacha. Siku ya kwanza tunaikula na chapo. Siku ya pili inachanganywa na mahindi, inakuwa githeri. Yenye imebaki, kabla iharibike, inatoka kwa keja kwa bakuli. Fridji yetu ni jirani. Hii ndio kitu Oltepesi ilinifunza yenye bajeti pekee haingenifunza. Napeleka bakuli kwa yeyo, mathe wa boma ya pili, namsalimia "Supa, yeyo," ananiitikia "Epa," ananiuliza kama hii ndio ile ya kulala kwa kikapu, juu yeye hiyo kikapu bado inamshangaza. Bakuli hairudi tupu. Inarudi na maziwa mala, ile ya kibuyu, penye kibuyu imesuguliwa ndani na kijinga cha moto cha oloirien, mzeituni wa porini. Ina kaharufu ka moshi na inashika ulimi. Ukiimwaga juu ya ugali moto, na kabeji kando, mimi sijui dishi ingine ya kunitoa hapo.

Yeyo ndio alitufunza pia mambo ya mifupa. Nyama ya mbuzi ni ganji, na wikendi ndai za Nai hujaa Kisamis zikifuata choma. Mifupa nayo buchari anaipeana bei ya chini sana. Unaichemsha polepole na vipande vya gome ya okiloriti, ule mgunga wa supu. Supu inakuwa nyekundu, chungu kidogo, na inateremsha mafuta kwa tumbo. Kwa Wamaasai supu na gome ni vitu za kale, na watafiti wamekuja kuzisoma wakitaka kujua venye watu wa maziwa na nyama mingi wanakaa na moyo sawa. Mimi najua tu ukikunywa kikombe jioni unalala fofofo.

Kuna siku nilitembea Olorgesailie kwa ile makumbusho, ilifunguliwa 1947 baada ya Louis na Mary Leakey kuanza kuchimba hapo miaka ya arobaini. Unatembea juu ya daraja za mbao, na chini yako mawe za kukatia zimelala mamia, za mamia ya maelfu ya miaka. Kuna mahali tembo alikatwakatwa na hizo mawe. Kenye kilinishika zaidi ni ya juzi juzi, kama miaka 320,000 iliyopita: watafiti walipata vipande vya mawe nyeusi ya volkeno yenye haitoki hapa, watu walikuwa wameitoa makumi ya kilomita mbali. Yaani hata hao kuna vitu walikuwa wanaendea mbali, wakibeba, ndio wakuje wakate dishi chini ya hii milima. Nilifikiria gunia langu la vitunguu kutoka Kiserian nikaskia niko kwa laini ndefu sana ya watu.

Lakini wacha mtu asinielewe vibaya. Nikisema nimeridhika, sisemi njaa ni tamu. Hii kaunti yetu ya Kajiado iliona mvua ikikataa msimu baada ya msimu kutoka mwisho wa 2020 hadi mapema 2023, na ng'ombe zilianguka mpaka wasee wakaacha kuhesabu. Boma zenye zilikuwa zinakunywa maziwa asubuhi na jioni zilikuwa zinapanga laini ya msaada. Huwezi enda kwa mtu kama huyo ukamwambia maisha simpo ndio bora. Simpo yake haikuwa ya kuchagua.

Na mwaka wa 2022 unga ya kilo mbili ilipita mia mbili, mpaka Julai, wiki chache kabla ya kura, gava ikaishusha hadi soo. Iliposhuka kila mtu alijua itapanda tena. Alafu ikafika 2024, Mswada wa Fedha ukataka VAT ya asilimia 16 kwa mkate na ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya kupikia. Fikiria hizo vitu mbili. Mkate wa asubuhi na ile mafuta ya kupima. Zilitolewa kwa mswada tarehe 18 Juni, lakini mayut walikuwa washaamka, wakaingia barabarani, wengine hawakurudi nyumbani, na tarehe 26 rais akakataa kuuwekea sahihi. Mimi naheshimu kila mmoja aliyesimama hiyo wiki. Huko barabarani walikuwa wanatetea sufuria kama hii yetu. Kuridhika kwangu hakuhusu mtu wa ofisi kuniambia nifunge mshipi. Nikiloweka madondo ni mimi nimeamua, na ninaamua nikiwa na kitu ya kuloweka. Hiyo tofauti ndio naishikilia.

Na ndani ya hiyo nafasi yangu, manze, kuna utamu. Ile saa madondo iko kwa kikapu ni saa yangu. Sina simu ya kungojea boda, sina laini ya kibandaski. Nafua, nasoma, nalala kidogo, naenda kuangalia maji ya mtungi. Odijo husahihisha vitabu kwa mlango. Jioni jua ikiteremka tunakula nje kwa kastuli, na hakuna mtu anatuma picha ya sahani, juu mkono uko kwa ugali. Ganji yenye ingeisha kwa smokie inamaliza renti, na bado kuna kakitu ka kutumia mathe. Tumeanza pia gunia la udongo kando ya tangi, tumepanda sukuma na tunaimwagia maji ya kuoshea mchele na mboga. Kuku wa jirani ameimaliza mara moja. Tumeizungushia miiba sasa, na majani zimerudi.

Kama unataka kuja kuonja, njoo. Kutoka Nai shika mat ya Kiserian, hapo uulize za kuteremka Magadi Road, na umwambie konda akushushe senta ya Oltepesi. Njoo mapema kabla jua ianze kuchapa, beba maji ya kunywa kwa njia. Uje na vitunguu kilo moja na limau kadhaa, juu huku hizo zinatoka mbali. Ukifika salimia wazee kwanza hapo kwa duka, alafu uulize keja ya odijo. Na tupigie usiku wa kuamkia safari, ndio tuongeze kikombe mbili kwa zile tunaloweka.